Picha za Ng'ambo Ziko Ng'ambo

Ukitaka kuiona Kikwajuni ya miaka ya 1960 kwa rangi, usianzie Kikwajuni. Anzia kwenye kabati la nyumba fulani huko Ujerumani, Uingereza au Muscat, kule juu kabisa nyuma ya mablanketi, ambako kuna boksi ambalo wajukuu hawajui ni la nini. Ndani yake mna vifremu vidogo vya karatasi ngumu au plastiki, kila kimoja upana wa biskuti. Kinyanyue kimoja mbele ya dirisha: mbingu ya buluu, ukuta wa chokaa, na mtoto mwenye kanzu anakukodolea macho. Mtoto yule, kama yuhai, leo ni babu wa mtu. Kwenye fremu pameandikwa kwa kalamu jina la kisiwa, pengine na mwezi. Jina la mtoto halipo.

Mjini kwetu neno hili ng'ambo lina kazi mbili. Ng'ambo yenye herufi kubwa ni ule upande wa pili wa kijito cha maji ya chumvi kilichokuwa kikiutenga Mji Mkongwe na mitaa ya mashariki: Kikwajuni, Kisiwandui, Miembeni, Vikokotoni, Mlandege na jirani zao. Kijito chenyewe kimefukiwa zamani, imebaki Darajani isiyo na daraja. Ng'ambo yenye herufi ndogo ni nchi za mbali, kule wanakokwenda watu na meli. Basi shida yetu ya picha unaweza kuisema kwa pumzi moja: picha za Ng'ambo ziko ng'ambo.

Kwa vijana ambao hawajaiona, slaidi ni filamu ya picha, ila ni kinyume cha negativu. Negativu inageuza kila kitu, cheupe kinakuwa cheusi, halafu inabidi ichapwe kwenye karatasi. Slaidi inatoka na rangi zake, tayari. Kipande cha filamu cha milimita 24 kwa 36 kinatiwa ndani ya fremu ya sentimita 5 kwa 5, kinaingizwa kwenye projekta, taa inapita katikati na picha inatokea ukutani kubwa kama mlango. Kodak walianza kuuza Kodachrome ya kamera za milimita 35 mwaka 1936, na mwaka huohuo Agfa wakatoa ya kwao kutoka mji wa Wolfen, Ujerumani. Kufika miaka ya 1950 na 1960 slaidi ikawa ndiyo picha ya msafiri. Mtu akirudi safari anawaita majirani, shuka jeupe linatundikwa, taa zinazimwa, mwenye nyumba anasimulia na wageni wanavumilia. Ile projekta ya sinia la duara, Carousel ya Kodak, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilibeba slaidi 80 kwa mkupuo mmoja. Themanini, wallahi! Leo mtu akikuonyesha picha ya nne ya likizo yake kwenye simu ushaanza kumtafuta mtoto wako.

Sasa tusiseme Unguja haikuwa na wapigapicha wake. Tangu karne ya 19 familia ya Gomes, watu wa asili ya Goa, walikuwa na studio mjini. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, na wengi wenu mmepita mbele ya duka lile pale Shangani bila kujua kwamba ukutani mna nusu ya historia ya kisiwa. Oza alipiga picha za kwa Sultani, baadaye akapiga za viongozi wa Mapinduzi, na katikati ya hayo alipiga maharusi, watoto wa skuli na watu waliotaka tu kuonekana wamependeza. Lakini picha hizo nyingi ni nyeusi na nyeupe.

Kuna jambo jengine la studio ambalo mimi naliona kubwa kuliko rangi. Aliyepigwa picha studio alikwenda mwenyewe. Alioga, akavaa, akalipa, akachagua asimame au akae, na nakala akachukua akaitia kwenye albamu ambamo shangazi zake wote walimjua kwa jina. Picha ile ilikuwa na mwenyewe. Ila studio hizohizo za zamani zilikuwa na biashara ya pili, ya postikadi kwa wageni wa melini, na huko mambo yaligeuka. Mwanamke yuleyule aliyejipamba anauzwa kwa kichwa cha habari kama "Mwanamke wa Kiswahili", basi, imetosha. Leo mkusanyo mkubwa wa picha za zamani za Afrika Mashariki, ule wa Winterton, upo Chuo Kikuu cha Northwestern pale Evanston, karibu na Chicago. Ni zaidi ya picha 7,000, za kati ya mwaka 1860 na 1960 hivi, na zimetiwa kwenye intaneti, kila mtu anaweza kuziangalia. Kazi nzuri mno. Lakini tembeza macho kwenye maelezo: gavana ana jina, mmishenari ana jina, meli ina jina. Waliobeba mizigo ni wapagazi.

Slaidi za wasafiri zilirithi tabia ya postikadi. Kabla ya 1964, meli za Union-Castle zilizozunguka Afrika zilitia nanga Unguja, na meli za British India kama Karanja na Kampala zilipita zikichukua watu kwenda na kutoka Bombay. Abiria mtalii akishuka ana saa chache tu. Anapiga Beit al-Ajaib, anapiga mlango wenye nakshi na misumari, anapiga karafuu zilizoanikwa, anapiga watu Forodhani, anarudi melini kabla honi haijalia. Ndiyo maana ukikutana na slaidi za Unguja za miaka ya 1950 utadhani mji mzima ulikuwa mtaa mmoja wa pwani. Huku kwetu walikuwa hawafiki. Walikuwa wanaambiwa hakuna cha kuona, na kwa jicho la mtu anayetafuta mlango wa nakshi labda hakikuwepo. Nyumba za Ng'ambo zilikuwa za udongo na chokaa, makuti au mabati, baraza mbele, mwembe uani. Kikwajuni yenyewe, jina lake si linakwambia kulikuwa na mkwaju?

Halafu ukaja mwaka 1964. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, wakati ambapo nchi chache sana nje ya kambi ya kisoshalisti zilithubutu kufanya hivyo. Wajerumani wale wakaja na wahandisi, mafundi, madaktari na walimu. Moja ya kazi za mwanzo ilikuwa fleti za Kikwajuni, zile za ghorofa ambazo mpaka leo zinakaliwa. Kisha mwaka 1968 mpangamiji wao Hubert Scholz akaandaa mpango mkuu wa mji, na miaka ya 1970 yakasimama majumba marefu ya Michenzani, mengine yakikaribia mita 300 kutoka ncha mpaka ncha, yakaikata Ng'ambo kama msalaba.

Na hapa kuna sadfa ambayo mpenda picha yeyote ataifurahia. Mwaka huohuo 1964, kile kiwanda cha Wolfen, ambacho baada ya vita kilibaki upande wa Mashariki, kiliacha jina la Agfa kikaanza kuuza filamu zake kwa jina la ORWO. Kwa hiyo fundi aliyetoka Mashariki kuja kutujengea fleti alikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa na kamera ya Praktica ya Dresden shingoni na slaidi za ORWO begini. Na huyu hakuwa mtu wa saa tatu. Huyu alikaa mwaka, miaka miwili. Alipita njiani kila asubuhi kwenda kwenye ujenzi. Alipiga zege, alipiga winchi, alipiga wafanyakazi wenzake, halafu alipomaliza hayo akapiga watoto waliokuwa wakimfuata, mama muuza maandazi, wazee wa bao barazani, harusi aliyoalikwa. Kwa mara ya kwanza Ng'ambo ikapigwa picha za rangi na mtu mwenye muda. Halafu mkataba ukaisha, akafunga boksi, akaondoka nalo.

Sina kinyongo naye. Filamu ilikuwa yake na hela ilikuwa yake. Lakini angalia matokeo: miaka ile watalii walikuwa wachache mno visiwani, kamera za rangi mikononi mwa wenyeji chache zaidi, na mitaa mizima ikibomolewa ipishe majumba mapya. Kwa hiyo kumbukumbu ya rangi ya Kikwajuni iliyokuwa inaondoka na Kikwajuni iliyokuwa inakuja, sehemu yake kubwa ipo kwenye makabati ya watu ambao leo, kama wahai, wana miaka 80 na kupanda.

Tusisahau kwamba na sisi tulisafiri. Vijana wa Unguja walipelekwa kusoma Ujerumani Mashariki, Urusi, China. Mabaharia walikwenda kote maji yanakokwenda. Jirani yangu mmoja, baharia mstaafu, ana boksi la slaidi ambalo kwa miaka mingi mkewe alilitumia kuegeshea feni. Ndani mna bandari: Hamburg, Singapore, Karachi, nyengine hazijulikani. Anajionyesha amesimama mbele ya kila kitu, mkono kiunoni, suruali ya bomba. Nilimwuliza mbona hakupiga nyumbani hata moja. Akacheka. "We, nani anapiga picha mlango wake mwenyewe?" Ndiyo hivyo. Mgeni anapiga kwetu, sisi tunapiga kwao, na mlango wako mwenyewe unabaki bila picha mpaka siku ya kubomolewa.

Haraka ya kuziokoa inatokana na kitu kimoja kinachoitwa wakati, na mwenzake anayeitwa unyevu. Slaidi ni rangi zilizotiwa ndani ya jelatini, na jelatini ni chakula. Kuvu anaipenda. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 hivi kuvu anaanza kazi, na hapa kwetu unyevu unapita asilimia 70 bila kutoa jasho, msimu wa masika usiseme. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui juu ya picha, ujue ni yeye. Hatoki kwa maji, tafadhali usijaribu, na wala usipanguse kwa shati; ukisugua unatoka na mbingu yote.

Rangi nazo haziko sawa. Kodachrome ikiwekwa gizani inadumu ajabu, slaidi ya 1958 inaweza kuwa mbichi kama ya juzi. Ila mwanga wa projekta unaiumiza, kwa hiyo ile picha nzuri kuliko zote, iliyoonyeshwa kila sikukuu, ndiyo iliyopauka. Filamu nyengine za zamani, ORWO zikiwemo, hupoteza rangi zake hata gizani: kijani kinakimbia, picha nzima inavutwa kwenye wekundu au hudhurungi. Kiwanda hakitakusaidia tena. Kodak waliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, Kodachrome wakaiacha 2009, na maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiisafisha, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, ilifunga mlango huo mwisho wa 2010. Aliyebaki na roli ambayo haijasafishwa, amebaki na kumbukumbu iliyofungwa.

Watu wanauliza: je, lazima mashine ya bei kubwa? Hapana, inategemea unataka nini. Skana ya mezani yenye taa kwenye kifuniko inatosha kwa nyingi. Ukiwa na skana maalumu ya filamu, piga kwa nukta 4000 kwa inchi, utapata picha ya pikseli kama milioni 21 kutoka kwenye kile kibiskuti. Kwa nukta 2400 utapata kama milioni 8, nazo kwa kuangalia zinatosha kabisa. Wengine wanatumia kamera yenye lenzi ya karibu na kibao cha taa nyeupe. Wenye simu tu wanaweza kuwasha kioo cheupe cha tableti chini, lakini nyanyua slaidi sentimita chache juu yake, la sivyo utapiga na vidoadoa vya kioo. Vumbi ondoa kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo; mate ni maji. Skana nyingi za filamu zina mwale wa infraredi wa kutambua vumbi na mikwaruzo ili programu iyafute, kitu kizuri sana, ila kwenye Kodachrome kinachanganyikiwa, kizime.

Halafu kuna kosa la kugeuza. Slaidi ina pande mbili na ukiiweka kichogo mbele kulia kunakuwa kushoto. Kwenye picha ya mtu hutagundua. Kwenye picha ya Forodhani utagundua kama wewe ni mtoto wa mjini: ukitazama kutoka baharini, Beit al-Ajaib ikiwa katikati, Ngome Kongwe inakuwa mkono wako wa kulia. Ukiiona kushoto, geuza. Nimeshaona picha kubwa ya ukutani, imelipiwa na kutiwa fremu, Ngome iko kushoto, na wenye duka hawana habari.

Na jamani, msitupe fremu! Naandika hili kwa sauti kubwa. Watu wakishaskani wanadhani zile karatasi ni takataka. Fremu za Kodachrome mara nyingi zina mwezi na mwaka wa kusafishwa uliopigwa mhuri na maabara. Juu yake pana mwandiko wa mpigapicha, namba ya mfuatano, pengine jina la rafiki. Skani na fremu yenyewe, mbele na nyuma. Ipe picha namba ileile iliyo kwenye fremu. Na ukiwatumia watu kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha inakamuliwa, na kilichokamuliwa ndicho hasa tunachokitaka.

Tunachokitaka ni nini? Vitu vidogo. Bendera nyekundu juu ya jengo la serikali inakwambia picha ni ya kabla ya Mapinduzi. Winchi nyuma ya mwembe inakwambia fleti zinajengwa. Lakini mfalme wa ushahidi ni khanga. Slaidi iliyoskaniwa vizuri, ukiivuta, unalisoma jina la khanga kiunoni mwa mwanamke aliyepita njia nyuma ya Mzungu, na wapo mabibi mjini hapa ambao ukiwasomea jina la khanga wanakwambia ilitoka lini, ilinunuliwa duka gani, na nani alimvalia nani ili amchokoze. Hakuna programu ya kompyuta yenye elimu hiyo.

Nalijua hilo kwa sababu nimelishuhudia. Mwanamke mmoja wa Ujerumani, ambaye marehemu baba yake alifanya kazi Unguja miaka ile, aliskani boksi zima la baba yake akamtumia rafiki, rafiki akanitumia mimi. Picha mia na ushei. Nikazipeleka kwa bibi mmoja mkaazi wa fleti za Kikwajuni, jirani wa siku nyingi wa nyumbani kwetu, ambaye ameishi mtaa huo tangu kabla fleti hazijakuwepo. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akaniambia, "Haya mwanangu, washa hiyo sinema yako."

Picha kumi za mwanzo zilikuwa zege tupu. Akavumilia, akaniuliza kama yule Mjerumani alikuwa na akili timamu. Ya kumi na moja ikatokea: mwanamke amesimama mlangoni na mtoto mchanga begani, nyuma yake ukuta mpya ambao haujapakwa rangi. Maelezo ya mpigapicha, kwa Kijerumani, yalisema tu: mwanamke na mtoto, Zanzibar. Bibi akanyamaza. Akaisogeza tableti karibu mpaka pua ikagusa kioo.

"Huyu si mwanamke na mtoto," akasema. "Huyu ni fulani, mke wa fulani, aliyekuwa akishona mashungi. Na huyu begani ni fulani, aliyefariki wakati wa kipindupindu. Hawakuwa na picha yake hata moja."

Majina nayajua. Nayaandika "fulani" kwa sababu watoto wa mwanamke yule waliomba hivyo. Nakala walipewa, wakaichapisha, imetundikwa sebuleni kwao, lakini hawataki marehemu wao azagae mitandaoni akachekwa nywele. Nadhani wana haki. Aliyekwenda studio kwa Oza alichagua nani aione picha yake. Huyu aliyepigwa mlangoni kwake hakupewa uchaguzi huo, basi wanawe ndio wanaoufanya sasa. Wengine watasema nakosea, kwamba historia ni ya wote na jina likifichwa tunarudi kulekule kwa "Mwanamke wa Kiswahili". Mimi naona kuna tofauti kati ya jina lisilojulikana kwa sababu hakuna aliyeuliza, na jina linalojulikana ambalo wenyewe wameamua likae nyumbani.

Tuliendelea siku tatu, baada ya alasiri. Mzee mmoja wa barza ya chini akapanda naye, wakawa wanabishana. Huyu anasema hapo ni nyuma ya uwanja wa Mao, yule anasema wewe hapo huoni mnazi, uwanja ulikuwa na mnazi? Kwa picha moja ya kisima walibishana saa nzima, chai ikapoa. Mwisho tukawa na majina ya watu 37, nyumba zilizovunjwa zikapata wenyewe, na ile harusi tukajua ni ya nani, mwaka gani, na kwamba bwana harusi alichelewa kwa sababu ya mvua.

Lakini kulikuwa na picha moja ya vijana wanne wamekaa juu ya matofali, wanacheka. Bibi akawataja watatu bila kusita. Wa nne akamwangalia kwa muda. Mzee naye akaangalia. Wakatazamana. Bibi akasema, "Huyu mpite." Nikauliza, hamumjui? "Nimesema mpite, mwanangu." Miaka ile kuna watu waliondoka usiku, kuna waliochukuliwa, kuna waliofanya mambo na wanao bado wanaishi mtaani. Sikuuliza tena. Kwenye orodha kijana wa nne ana namba ya picha na nafasi tupu.

Skana yoyote itakupa pikseli milioni 21 za uso wake na haitakupa hicho. Ndiyo maana nawaambia wanaonitumia viungo vya picha za zamani, "angalia, zote zimeshawekwa kwenye intaneti," kwamba kazi ipo nusu. Upande wa mitaa yenyewe watu wameanza kuikamata: ile Atlasi ya Ng'ambo iliyotoka 2019 ilikusanya ramani na kumbukumbu za wakaazi mtaa kwa mtaa, na Nyaraka za Taifa pale Kilimani, mwendo mfupi kutoka Kikwajuni, zina hazina ya picha na makaratasi ambayo vijana wetu hawajui hata lango liko wapi. Kinachokosekana ni kuzikutanisha slaidi za kule na vibaraza vya hapa wakati vibaraza bado vina wenyewe.

Anayedhani kuna muda mwingi akumbuke tarehe 25 Desemba 2020. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, jengo lililopigwa picha kuliko jengo lolote kisiwani, sehemu yake ya mbele iliporomoka mchana kweupe pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki. Wiki ile ghafla kila mtu alikuwa anatafuta picha. Kwa Beit al-Ajaib zilipatikana maelfu, kila abiria wa Union-Castle alikuwa nayo. Nyumba ya fundi seremala wa Kikwajuni iliyobomolewa kupisha fleti ina moja, iliyopigwa na mtu aliyekuwa anapiga winchi, na nyumba yenyewe imeingia pembeni kwa bahati.

Baharia wangu tumeshamskania boksi lake. Hamburg ipo, Singapore ipo, na zile zilizokuwa hazijulikani mbili tumezitambua kwa mabango ya bandarini. Mkewe amepewa kigoda cha kuegeshea feni. Na yule mwanamke wa Ujerumani ameandika kwamba amepata sanduku la pili kwenye ghala la baba yake, halijafunguliwa, limeandikwa namba tu. Anasema litachukua miezi kuliskani. Nimempelekea salamu za bibi: afanye haraka kidogo, ziletwe kabla ya Ramadhani, na tuje asubuhi badala ya alasiri, kwa sababu jicho la kushoto halioni tena na la kulia linachoka jua likizama.